SSD niliyoisifia si ile mnayouziwa: uzi wa wahakiki na kampuni zinazotutumia vifaa

Fundi Msimbazi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni fundi kompyuta, niko Kariakoo. Pembeni nina chaneli ndogo ya YouTube ambako napima SSD (diski za chipu za kuhifadhia faili), ramu, chaja, pawabenki na takataka nyingine zinazoingia mjini. Chaneli yenyewe hainilishi, ila wateja wengi wanaokuja dukani wanakuwa wameshanisikiliza huko, kwa hiyo neno langu lina uzito kuliko mfuko wangu.

Mwezi wa tatu msambazaji mmoja alinitumia SSD ya NVMe, ile aina ya kasi, ya GB 500 niipime. Simtaji jina, msinibembeleze. Hela hakunipa, maneno ya kusema hakunipangia. Nikaipima kama ninavyopima vya wengine, ikanifurahisha, nikaisifia. Na nilichosema kilikuwa kweli kwa kile kilichokuwa mezani kwangu siku ile.

Mwezi wa tano akaingia kijana mpiga video za harusi, anatokea Temeke, mkononi ana SSD hiyohiyo. Kainunua laki na thelathini baada ya kuniona mimi. Hata salamu hakutoa: "Kaka, umeniingiza chaka." Nikacheka, nikajua kauziwa feki. Nikaichomeka kwenye mashine yangu ya vipimo, nikachukua faili zake za harusi ya Jumamosi, kama GB 120, nikaanza kunakili kutoka SSD nyingine yenye kasi. Mwanzo mstari uko juu, MB 1,500 kwa sekunde, nikamtupia jicho kijana kama kumwambia, unaona sasa? Ilipofika GB 40 hivi mstari ukaporomoka hadi MB 70 na haukunyanyuka tena. Tulikaa pale dakika ishirini kasoro tukiitazama kama watu wanaosubiri daladala ya Gongo la Mboto saa mbili usiku. Nikatoa ile yangu ya mwezi wa tatu, nikaipa mzigo uleule. Dakika tatu na nusu.

Nikawasha hedraya, nikabandua stika za zote mbili taratibu. Boksi moja, namba ya modeli moja, stika moja mpaka rangi. Ndani ni vitu viwili. Yangu ina chipu mbili za memori, yake ina moja, maandishi tofauti, na hata ile chipu ya kuiendesha imebadilika. Wala siyo feki, namba zake kiwanda kinazitambua. Kiwanda chenyewe ndicho kilichobadili mboga, sufuria ikabaki ileile.

Nikampigia mtu wa msambazaji. Kijana mstaarabu sana, hakukasirika hata kidogo. Akaniambia vipuri hubadilika, kwenye boksi wameandika "hadi", kwa hiyo hawajavunja ahadi. Halafu akaongeza, kwa upole uleule, kwamba mwezi wa saba wana uzinduzi hotelini Masaki, jina langu limo kwenye orodha, na kuna laptopu wanataka niwe wa kwanza kuifungua hapa nchini. "Wewe ni mtu wetu, kaka."

Nikakaa kimya wiki tatu.

Hakunitisha, hakunihonga. Video ya pili nilikuwa nimesharekodi, iko kwenye kompyuta, na kila usiku nikawa napata sababu ya kutoipandisha: mara sauti haijakaa, mara taa mbaya. Naomba tujadili, hii inaitwaje? Maana rushwa naijua sura yake, na hii haikufanana nayo.

Bwana Nauli

Mkuu, sisi tuliopitia vyumba vya habari tunaijua vizuri. Watu wakizungumzia maadili ya waandishi wanawaza bahasha ya kaki, na kweli ipo: mkutano ukiisha unasaini karatasi, unapewa "nauli" hata kama ulikuja kwa miguu. Kongo wanaiita coupage, Ghana soli, Cameroon gombo. Lakini bahasha ni kitu chepesi, ukiipokea unajua umeipokea. Kilichotumaliza sisi ni mwaliko. Ukiandika vibaya, safari ijayo ataitwa mwenzako wa gazeti jingine. Hakuna anayekukataza kuandika. Unajikata maneno mwenyewe, tena bila kulipwa.

Nakumbuka habari moja niliyoipunguza makali mara nne kabla haijafika kwa mhariri. Mhariri aliitoa kama ilivyo. Yeye hakujua kuna kilichopungua.

Mzee wa Faida

Mnakuza mambo. Kampuni imekupa SSD ya bure, bado unataka ikuulize kabla ya kubadilisha chipu? Hao ni wafanyabiashara. Mteja akiona haifai arudishe.

Fundi Msimbazi

Mzee, arudishe wapi? Duka la Kariakoo likishaona boksi limefunguliwa linakwambia "kifaa kinafanya kazi, tatizo nini?" Na kweli kinafanya kazi. MB 70 nazo ni kazi.

Halafu siyo mambo ya kwetu tu. Kingston V300 ilipotoka ilipata sifa, baadaye wakabadilisha memori ya ndani wakaweka ya aina ya polepole, jina likabaki V300. Hiyo ilianikwa 2014. Mwaka 2021 ikawa kama ugonjwa wa mlipuko: Crucial P2 iliyopelekwa kwa wahakiki ilikuwa na memori ya TLC, baadaye madukani ikaingia ya QLC, jarida la Tom's Hardware likanunua na kuonesha tofauti. WD Blue SN550 nayo, kasi yake baada ya kache kujaa ilishuka kutoka kama MB 610 hadi 390. WD walikiri, wakaahidi kwamba siku zijazo wakigusa vitu vinavyobadilisha kasi watatoa namba mpya ya modeli.

Kwa wasiojua TLC na QLC: ni idadi ya biti zinazosongamana kwenye kijumba kimoja cha memori. TLC tatu, QLC nne. Ukisongamanisha zaidi bei inashuka, na kuandika kunakuwa kwa polepole. Ili usigundue, sehemu ya SSD inafanywa kama baraza la mbele, ndiyo hiyo kache, mizigo inatupwa pale haraka haraka, kisha inaingizwa ndani taratibu. Programu nyingi za kupimia kasi zinaandika GB moja moja, zinaishia barazani. Ndiyo maana mimi napima kwa mzigo wa harusi.

MamaLaptopu

Fundi, hongera kwa kusema. Naongezea upande wa kadi za grafiki, zile za kuchora picha za michezo, maana huko ndiko mchezo unachezwa na wakubwa.

Watu wa nje wanadhani mhakiki anapewa kadi ya bure basi ndiyo kahongwa. Kadi yenyewe siyo kitu. Chaneli kubwa inaweza kununua kadi ya dola 300 bila kuumia. Kisichonunulika ni muda. Kampuni inatuma kadi wiki moja au mbili kabla, inakupa na draiva (programu ya kuiendesha kadi) ambayo haijatoka hadharani, unasaini embago kwamba hutasema neno mpaka tarehe fulani saa fulani. Ikifika saa hiyo wote mnafungulia pamoja, na watazamaji karibu wote wanakuja siku hiyo. Ukinunua yako dukani utaanza kupima siku ambayo wenzako wameshamaliza. Uhakiki wako unaweza kuwa bora kuliko wote na ukasomwa na mama yako tu.

Sasa, Desemba 2020 NVIDIA, watengenezaji wa chipu za kadi hizo, waliwaandikia Hardware Unboxed, chaneli ya uhakiki ya Australia, kwamba hawatapewa tena kadi za Founders Edition, zile za NVIDIA wenyewe, za kuhakiki. Kosa lao? Walikuwa wanapima zaidi kasi ya kawaida ya michezo na kuipa nafasi ndogo reitresingi, ile mbinu ya kuchora mwanga kwa kufuata miale yake, ambayo ndiyo NVIDIA walikuwa wanaitumia kuuza. Barua ikaacha mlango wazi: mwelekeo wenu wa uhariri ukibadilika, tutazungumza. Isome hiyo mara mbili. Hawakusema vipimo vyenu ni vya uongo. Walisema vipimo vyenu si vile tunavyopenda.

Wale jamaa wakaianika. Wahakiki wenzao wakubwa wakawasimamia, akiwemo Linus Sebastian wa Kanada, mwenye chaneli ya Linus Tech Tips. Siku chache tu NVIDIA wakaomba radhi na kuifuta ile barua. Nilichokipenda ni kwamba waliowatetea Hardware Unboxed walikuwa washindani wao kibiashara. Wangeweza kukaa kimya wagawane watazamaji.

Mzee wa Faida

Dada, lakini NVIDIA ana haki ya kumpa amtakaye. Mimi nikifanya sherehe nialike adui yangu?

MamaLaptopu

Haki anayo, kaka. Angewaambia tu safari hii kadi ni chache, yangeisha. Tatizo lilianza pale alipoandika sharti. Na watazamaji wa chaneli zilizobaki kwenye orodha wangejuaje kwamba wanayemsikiliza yumo kwa sababu anapima anavyotakiwa?

Na usidhani waliacha. Aprili 2025 ilipotoka kadi ya NVIDIA ya RTX 5060 Ti, wahakiki walipelekewa ile yenye memori ya GB 16. Ya GB 8 haikutumwa, aliyeitaka akanunue. Nyie mnaojenga kompyuta mnajua kwa nini: michezo mipya inaijaza GB 8 halafu inaanza kukwama, na boksi zote mbili zimeandikwa 5060 Ti. Mwezi uliofuata ikaja RTX 5060, dola 299. Tarehe 19 Mei, wiki ileile ya maonesho ya Computex kule Taipei, wahakiki wengi wako kwenye ndege au hotelini mbali na mashine zao. Draiva ya kupimia haikutolewa mapema kama kawaida. Ila baadhi ya vyombo vilipewa mapema kwa masharti: michezo gani ipimwe, kwa mipangilio gani, ilinganishwe na kadi zipi za zamani, na ile teknolojia ya kuzalisha fremu (picha moja moja za mchezo) iwe imewashwa, ambapo kwa kila fremu moja iliyochorwa kweli unaongezewa tatu za kubuniwa. Gamers Nexus, chaneli ya uhakiki ya Marekani, walitoa video ndefu wakisema nao walikuwa wanasukumwa kuingiza hizo fremu za kubuniwa kwenye chati zao, na kwamba nafasi ya kuzungumza na wahandisi wa kampuni ilifungamanishwa na hilo.

Ndiyo "wewe ni mtu wetu, kaka" ya fundi, kwa Kiingereza.

Luthuli Msee

Niko Nairobi, nauza simu Luthuli Avenue. Huku kwetu mambo ni ya simu zaidi. Wasee wanaitwa launch, wanapewa simu, fulana na chakula, jioni Twitter yote iko na hashtegi moja. Ukiuliza simu inakaa na chaji siku ngapi hakuna anayejua, lakini kila mtu ameshapiga picha ya kamera ikiangalia machweo. Kwani simu hupimwa na machweo?

Mimi shida yangu ni wale hawasemi walilipwa. Ukisema umelipwa sina ugomvi na wewe, nitakutazama nikijua ni tangazo.

Wakili wa Mchana

Hapo kwa msee wa Nairobi sheria ipo, ila haijafika Kariakoo wala Luthuli. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Kenya wana sheria ya kulinda mlaji ya 2012.

Wenzetu walioitumia wameitumia kweli. Taiwan mwaka 2013 tume yao ya biashara iliipiga Samsung faini ya dola milioni 10 za Taiwan kwa kulipa watu waandike maoni mtandaoni, wakiisifia Samsung na kuiponda HTC, mshindani wake wa simu, huku wakijifanya wananchi wa kawaida. Marekani, Novemba 2022, tume yao ya biashara, FTC, pamoja na majimbo kadhaa waliwabana Google na iHeartMedia. Watangazaji wa redio walisoma matangazo wakisema wanaipenda Pixel 4, simu ya Google, wanapiga nayo picha usiku, wakati simu yenyewe walikuwa hawajawahi kuishika. Matangazo kama 29,000 yakarushwa. Walilipa jumla ya dola milioni 9.4 kuyamaliza.

Na Google haohao Agosti 2024 walikutwa na kipengele kwenye mpango wao wa kuwapa watu simu za Pixel: ikionekana unapendelea simu za wengine kuliko Pixel, uhusiano unaweza kukoma. Kelele zilipoanza wakakiondoa.

Bwana Nauli

Asante wakili. Ila angalieni, hizo kesi zote ni za matangazo na watu wa kulipwa. Ya fundi haimo kwenye sheria yoyote. Hakulipwa, hakudanganya, na video yake ya kwanza ni ya kweli. Hakuna tume itakayomwita mtu kumuuliza kwa nini alichelewa wiki tatu.

Mtanga Asilia

Mimi nawageuzia kibao. Kwa nini kila siku kampuni ndiyo fisi na mhakiki ndiye mbuzi? Wahakiki nao wanaua watu.

Agosti 2023 mnaikumbuka? Billet Labs, kampuni changa ya Uingereza, ni ya watu wawili. Wametengeneza kipoozeo cha maji cha shaba, mfano wa kwanza, wameupeleka kwa Linus Tech Tips upimwe, pamoja na kadi ya grafiki iliyoendana nao, 3090 Ti. Jamaa wakaupima kwenye 4090, kadi ambayo haukutengenezewa. Haukukaa vizuri, kama ambavyo kiatu namba 42 hakikai kwenye mguu wa 44, na video ikatoka na hukumu kwamba kitu hakifai kununuliwa. Alipoambiwa arudie, Linus akajibu kwa maana kwamba kurudia kungekula dola mia kadhaa za muda wa wafanyakazi na hukumu isingebadilika. Halafu kichekesho: ule mfano wenyewe, mali ya watu, ukaingia kwenye mnada wa hisani wa tamasha lao na kuuzwa.

Aliyeyaanika ni Steve Burke wa Gamers Nexus. Linus Tech Tips wakasimamisha kutoa video kwa kama wiki. Sasa mtu mwenye mamilioni ya wafuatiliaji akikosea kipimo kimoja kwa uvivu, kampuni ya watu wawili inakwenda kwa tume gani?

Fundi Msimbazi

Mtanga, hapo umenigusa penyewe. Nilipoiona ile video mwaka ule nilikwenda kufuta video yangu moja ya zamani. Nilikuwa nimeiponda chaja kwamba haitoi wati 65, kumbe nilitumia kebo ya wati 60. Chaja haikuwa na kosa. Nani anajua watu wangapi waliiacha dukani.

Mzee wa Faida

Na huyo Steve naye hakumpigia Linus kumuuliza kabla ya kutoa video! Au maadili ni ya upande mmoja?

Bwana Nauli

Mzee leo umepiga pale pale. Hilo lilibishaniwa sana. Steve alijitetea kwamba ukimwarifu mtu mwenye jukwaa kubwa kuliko lako anapata nafasi ya kuwahi kulisafisha jambo kabla hujaligusa, na kwamba ushahidi ulikuwa tayari kwenye video za Linus mwenyewe. Mimi sikukubaliana naye. Kwenye chumba cha habari tulifundishwa kumpigia hata mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi. Usipompigia, siku inayofuata watu hawabishani kuhusu kuku, wanabishana kuhusu wewe.

Fundi, kabla hujapandisha hiyo video waandikie. Kwa maandishi, siyo simu. Wape muda unaojulikana, na wakijibu soma jibu lao lote hata kama ni upuuzi.

MamaLaptopu

Naunga mkono. Na chunga na vipimo vya kampuni vinavyotangulia. Oktoba 2018 Intel waliwalipa Principled Technologies wapime prosesa yao ya Core i9-9900K dhidi ya Ryzen 7 2700X ya washindani wao AMD. Matokeo yakatolewa wakati wahakiki wote bado wamefungwa mdomo na embago, kwa hiyo chati zilizopo mjini ni hizo tu na maagizo ya awali yameshafunguliwa. Wachunguzi wakagundua kwamba ile Ryzen ilipimwa ikiwa kwenye "Game Mode", mpangilio unaozima nusu ya viini vyake vinane. Yaani wamemfunga mtu mguu mmoja halafu wakashangaa ameshindwa mbio. Steve yuleyule alifunga safari hadi ofisini kwao North Carolina na kamera. Nao, niwape haki yao, walimpokea wakajibu, kisha wakarudia vipimo.

Luthuli Msee

Hata simu hufanya hivyo. Huawei P20 ya 2018 ilikuwa inatambua jina la programu ya kupima kasi inaamka kama imemwagiwa maji baridi. 3DMark, programu mojawapo ya kupimia, wakaitoa kwenye orodha yao. Samsung Galaxy S4 nayo 2013. Kesi ya Samsung ikaisha 2019 kwa dola milioni 13.4.

MamaLaptopu

Hiyo ni ya kale, msee. Mwaka 2001 kadi ya ATI iligunduliwa inafanya hivyo na mchezo wa Quake III. Watu walibadilisha tu jina la programu kutoka quake kuwa quack, kama mlio wa bata, kasi ikashuka na picha ikawa nzuri zaidi.

Kijana wa Mbezi

Wakuu mimi mgeni. Kwa hiyo tumwamini nani? Wote wanapewa vitu.

Fundi Msimbazi

Siyo wote, mdogo wangu. Consumer Reports ya Marekani tangu 1936 inanunua madukani kama mteja mwingine yeyote. Ujerumani kuna Stiftung Warentest, tangu 1964, mtu wao anaingia dukani bila kujitambulisha, analipa, anaondoka. Wakikupimia mashine ya kufulia ujue ni ile utakayokutana nayo wewe. Ila hao wana wanachama na wasomaji wanaolipia, na yule wa Ujerumani aliasisiwa na serikali yake.

Mimi nina duka la futi kumi kwa nane. Laki na thelathini ya SSD moja ni kodi yangu ya siku kadhaa. Nikinunua kila ninachopima, mwezi wa pili nitakuwa napima njaa. Kwa hiyo sampuli nitaendelea kupokea, sijifanyi mtakatifu. Ninachoweza kufanya ni hiki: nikisifia kitu, ndani ya miezi mitatu natafuta kilekile kutoka kwa mteja aliyekinunua mwenyewe, nakipima tena mbele yake, na namba zote mbili zinakaa kwenye video. Wateja wenyewe wanakubali, tena wanafurahi, wanaona SSD yao inaoneshwa mtandaoni.

Na sampuli siuzi. Hilo nimeliona kwa wenzangu, kifaa cha kuhakiki kinafika Jumatatu, Ijumaa kiko sokoni. Hapo hata usipoandikiwa maneno ya kusema, umeshalipwa.

Bwana Nauli

Na yule mstaarabu wa uzinduzi Masaki?

Fundi Msimbazi

Kesho namwandikia.

Kijana wa Mbezi

Sasa mkuu si bora ungekwenda kwanza uzinduzi, uchukue laptopu, halafu ndiyo upandishe video? 😂

Mzee wa Faida

Huyu kijana ndiye pekee mwenye akili humu.

Wakili wa Mchana

Mnacheka, lakini ndivyo inavyofanyika. Na baada ya laptopu kutakuwa na simu, baada ya simu safari ya Shenzhen. Yule mhakiki Mmarekani wa YouTube, Marques Brownlee, alipoiponda Humane AI Pin, kile kifaa cha akili bandia cha kubandika kifuani, Aprili 2024 kuwa kifaa kibaya kuliko vyote alivyowahi kuhakiki, kuna watu walimrukia kwamba si uungwana kuua kampuni changa. Kifaa cha dola 699 na ada ya dola 24 kila mwezi, kinachemka, kinachelewa kujibu. Uungwana kwa nani? Februari 2025 HP wakanunua sehemu ya mali za Humane, wenye vile vifaa wakaambiwa huduma inazimwa. Waliomsikiliza walibaki na dola zao 699.

Fundi Msimbazi

MREJESHO.

Nimewaandikia Jumanne, nikawapa hadi Alhamisi jioni. Nimeambatanisha picha za chipu zote mbili na mistari ya kasi. Alhamisi saa kumi likaja jibu la sentensi mbili: bidhaa inakidhi vigezo vilivyoandikwa kwenye boksi, na kampuni ina haki ya kubadilisha vipuri bila taarifa. Nimelisoma lote kwenye video, neno kwa neno, sikuweka sauti ya kejeli. Nimesema pia kwamba ya kwanza nilipewa bure na kwamba hii video imechelewa wiki tatu, na kwa nini. Hapo ndipo niliporudia kurekodi mara nyingi kuliko sehemu nyingine zote.

Imepanda Ijumaa saa mbili usiku. Saa nne kasorobo nikaondolewa kwenye grupu la WhatsApp la wahakiki wa msambazaji. Hakuna neno, ni ule mstari tu kwamba fulani amekuondoa. Yule kijana mstaarabu nilimtumia ujumbe kumshukuru kwa jibu. Ameusoma.

Watazamaji? Wachache kuliko wa ile ya kwanza. Video ya sifa bado inaongoza, na kila siku kuna mtu anaitazama. Nimebandika maandishi juu yake, lakini najua watu hawasomi.

Kijana wa harusi duka lilimkatalia kurudisha, kama nilivyowaambia. Nimempa ile ya kwangu ya mwezi wa tatu, ya kwake nimebaki nayo mimi. Iko kwenye droo, stika imekunjwa pembeni.

Luthuli Msee

Respekti, buda.

Mzee wa Faida

Laptopu imekwenda. Haya, pole.

Chipukizi Tabata

Wakuu uzi mrefu sana sijasoma wote. Nina laki na ishirini, ninunue SSD gani?

Fundi Msimbazi

Njoo Jumamosi na hela yako, mkuu. Tutainunua pamoja duka la jirani na tutaipima hapohapo kabla hujaondoka, GB 120. Uje umeshakula.